Mordekai Alipita Kila Siku



Wengi wenu mlikuwa pamoja nasi tulipomzika mjomba wetu. Mlichimba kaburi, mkapika, mkaimba usiku kucha. Na majirani zetu Waislamu wa hapa Kasingirima na wa Ujiji walikaa nasi barazani tangu siku ya kwanza. Asanteni sana. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya mama yetu, hata kwa umri tulikaribiana naye kama ndugu. Yeye alitufundisha kupiga kasia, sisi tukamfundisha hesabu. Tunamlilia, wala hatuoni haya. Bwana Yesu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, hali akijua atakalolitenda.

Lakini sasa tanga limeanuliwa. Mikeka imekunjwa, sufuria zimerudi kwa wenyewe, na watoto wanne wamebaki na mama yao. Kwa ukoo hao ni binamu zetu. Kwa umri ni kama wajukuu. Katika kuliwaza jambo hili tulifungua Kitabu cha Esta, mlango wa 2. Humo tunamwona Mordekai akimlea Esta, mtoto wa ndugu ya baba yake, aliyekuwa hana baba wala mama. Akamtwaa kuwa binti yake. Na utazameni mstari wa 11: Esta alipokwisha kuchukuliwa nyumbani mwa mfalme, Mordekai alipita kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua hali yake. Kila siku! Hatuambiwi kwamba alimpelekea fedha. Alikwenda kwa miguu yake, akauliza.

Sisi tu hodari wa kuchanga siku ya msiba, maana jina huandikwa daftarini na kusomwa mbele ya watu. Baada ya wiki sita, ni nani alifunguaye daftari lile? Januari watoto wanahitaji sare, viatu na madaftari. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sisi tuliozeekea darasani twajua ada haikuwa kamwe gharama yote.

Liko pia neno la mali. Mjomba aliacha nyumba, mtumbwi na nyavu. Siku ya tatu tu ya msiba, alikuwapo mtu wa ukoo aliyeuulizia mtumbwi. Ndugu, Abramu alikuwa mkubwa, na Lutu alikuwa yatima wa ndugu yake Harani. Lakini wachungaji wao walipogombania malisho, mkubwa alimwachia yatima achague kwanza. Someni Mwanzo 13. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake. Basi tumekubaliana kikaoni, kwa maandishi: mtumbwi ni wa watoto, na msimamizi wa mirathi atathibitishwa mahakamani. Mapato ya dagaa yataandikwa katika daftari la mama yao, si letu.

Ziwa likifungwa, kama lilivyofungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mtumbwi hauleti kitu. Miezi ya namna hiyo ndiyo tutakayobisha hodi kwenu, nasi twawaambieni mapema.

Yule mdogo yuko darasa la tatu. Tumeyatazama madaftari yake: hesabu ni nzuri, mwandiko unataka kusimamiwa. Jumanne na Alhamisi jioni anakuja kwetu, na kalamu yake.