Mchezo wa Kucheza na Mchezo wa Kutazamwa

Mtu anapoulizwa ni mchezo gani anaopenda kuucheza na ni upi anaopenda kuutazama, huchukuliwa kwamba ameulizwa mambo mawili yasiyohusiana, kana kwamba kucheza ni shughuli ya mwili na kutazama ni shughuli ya macho, na kila mtu ana hiari ya kuchagua hiki kwa mwili na kile kwa macho. Dhana hiyo haionekani kuwa na madhara hadi inapoingia katika mipango ya wenye madaraka, kwa sababu hapo ndipo baadhi ya michezo huwekwa upande wa kuchezwa, ikatengewa fedha, walimu na viwanja, na mingine ikawekwa upande wa kutazamwa, ikaachiwa makofi ya siku ya sherehe. Kisiwani Mafia mgawanyo huo umejitokeza hivi karibuni, pale ilipopendekezwa katika kikao kimoja cha kupanga michezo ya vijana kwamba mashindano ya ngalawa na bao yaorodheshwe pamoja na mpira wa miguu na netiboli, na pendekezo likajibiwa kwa sentensi moja, kwamba hiyo ni mila, wala si michezo, na mila ina fungu lake. Sentensi hiyo ilisemwa kwa upole na ikapita bila kupingwa, jambo ambalo ndilo linaloifanya istahili kuchunguzwa kwa ukali.

Fasili za mchezo hazihitaji kutuchelewesha. Johan Huizinga, mwanahistoria Mholanzi, aliueleza mwaka 1938 katika kitabu chake Homo Ludens kuwa ni shughuli ya hiari, yenye mipaka yake ya mahali na wakati na yenye kanuni zake. Bernard Suits, mwanafalsafa aliyefundisha Kanada, akasema mwaka 1978 kwamba kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo visivyokuwa vya lazima. Mila nayo ni yale yanayorithiwa na kizazi kutoka kwa kizazi. Fasili hizo zikubaliwe kama zilivyo, maana hakuna hata moja kati yake inayozuia jambo moja kuwa mchezo na mila kwa pamoja, na mpira wa miguu wenyewe ni mila ya vijiji na shule za Uingereza iliyosafirishwa kwa meli.

Hoja iliyotolewa baadaye kuitetea sentensi ile ndiyo inayochosha moyo, nayo ni kwamba mchezo ni ule wenye kanuni zilizoandikwa na shirikisho la kuzisimamia, na kisichokuwa na hayo ni burudani ya wazee au kazi ya wavuvi. Hoja hii husemwa kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la wazi, na hurudiwa na watu waliosoma, kwa hiyo ni lazima ifuatwe hatua kwa hatua hadi inakoishia. Chama cha mpira cha Uingereza kiliundwa London mwaka 1863, na hapo ndipo kanuni zake zilipoandikwa. Pigo la penalti halikuingizwa katika kanuni hizo hadi mwaka 1891. Ikiwa maandishi ndiyo yanayoufanya mchezo uwe mchezo, basi vijana wa Kiingereza waliokuwa wakivunjana miguu viwanjani mwaka 1850 walikuwa wakifanya mila, na jioni moja mwaka 1863 mila hiyo ikageuka mchezo kwa sababu wanaume kadhaa walikaa mezani na kalamu. Hakuna anayeamini hivyo. Kila mtu anakubali kwamba waliokaa mezani waliukuta mchezo, wakauandika.

Kanuni isiyoandikwa haikosi nguvu ya kufunga. Watoto wa mji wa Kilindoni, Mafia, wanaocheza chandimu, yaani mpira wa makaratasi na matambara unaochezwa popote penye nafasi, huweka goli kwa mawe mawili, hukubaliana urefu wa mlingoti usiokuwepo kwa kutazama kimo cha golikipa, na hubishana kama mpira umepita juu au ndani kwa bidii ambayo mahakama ingeionea wivu. Na bado hakuna afisa aliyewahi kusema kwamba chandimu ni mila. Kwa nini? Kwa sababu chandimu inafanana na kile kinachoonekana kwenye televisheni. Hapo ndipo hoja ya maandishi inapovuliwa nguo, ikaonekana kwamba kipimo kinachotumika kwa kweli ni mfanano na mchezo wa mbali, wala kanuni hazihusiki.

Wapo wanaorudi nyuma hatua moja na kusema kwamba mvuvi anayekimbiza ngalawa hachezi, anafanya kazi yake ileile ya kila siku. Jibu la Suits linatosha: ngalawa iliyoacha nyavu zake pwani, isiyobeba samaki wala abiria, inayozunguka boya na kurudi pale ilipoanzia, imejitwika safari ambayo haina haja yoyote isipokuwa kushinda. Mkuki ulikuwa silaha ya askari na mwindaji kabla ya kurushwa katika Olimpiki, na hakuna anayemwambia mrusha mkuki kwamba anawinda. Mashindano ya matanga yamekuwemo katika Olimpiki tangu mwaka 1900, na kamba, ambayo ni kazi ya kila baharia, ilivutwa huko hadi mwaka 1920.

Ushahidi ulio karibu zaidi unauma zaidi. Mashindano ya SHIMIWI, yaani ya Shirikisho la Michezo ya Wizara na Idara za Serikali, yana bao, karata na drafti pamoja na kuvuta kamba, na watumishi wa umma hushindania vikombe kwa michezo hiyo. Bao likichezwa na mtumishi wa wizara ni mchezo. Likichezwa barazani na mvuvi wa kisiwa cha Jibondo ni mila. Kadhalika, kampuni ya Uingereza imewahi kuwaandalia wageni mashindano ya kusafiri kwa ngalawa katika pwani ya Tanzania, yaliyojulikana kwanza kama Ngalawa Cup na baadaye Kraken Cup, na wageni walilipa ili washiriki, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika usukani wa chombo cha aina hiyo. Mgeni anayejifunza kuiendesha ngalawa kwa siku chache ni mwanamichezo, na aliyezaliwa nayo ni mtunza mila. Anayeweza kuvumilia tofauti hiyo bila kuona haya hajaitafakari.

Halafu lipo shirikisho. Inasemwa kwamba ngalawa haiwezi kupewa fungu kwa kuwa haina shirikisho, na kila anayetaka kuunda shirikisho huulizwa ni mchezo gani unaotambuliwa anaotaka kuusimamia. Mlango umefungwa kwa ufunguo ulioachwa ndani.

Zipo hoja za haki zaidi: kwamba fedha ni chache na mpira mmoja huchezesha watoto 22 kwa gharama ndogo kuliko chombo, kwamba bahari huua, kwamba huko Lamu mashindano ya majahazi hufanyika ndani ya tamasha la utamaduni na manahodha hushindana kwa dhati vilevile. Zote zina uzito.

Hata hivyo, madhara ya kuuita mchezo mila hayaishii kwenye fungu la fedha. Kinachoitwa mila huhifadhiwa, na watu wa Mafia wanajua kuliko wengi maana ya kuhifadhiwa, kwa kuwa tangu mwaka 1995, ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, wameona jinsi mwamba unavyoweza kulindwa na papo hapo kuondoka mikononi mwa aliyekuwa akiuvua. Kwa matumbawe jambo hilo lina sababu zake. Kwa mchezo halina, kwa sababu mchezo huishi kwa kubadilishwa: tanga hukatwa upya, mbinu hugunduliwa, bingwa wa jana huangushwa. Kilichohifadhiwa kinatakiwa kibaki kama kilivyokuwa ili kionyeshwe, na mbele ya onyesho mtazamaji hana la kufanya ila kupiga makofi. Hawezi kulalamika kwamba nahodha amekosea, kwa sababu katika onyesho hakuna kukosea.

Mtazamaji wa mchezo ni kiumbe mwingine kabisa. Ngalawa ni chombo kilichochongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, kikafungiwa mirengu, yaani mbao za kuelea pande zote mbili zinazokizuia kupinduka, na tanga la pembetatu kwenye foromali. Inapobidi kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kukata upande huu kisha upande ule, baharia mmoja hutoka nje juu ya mti wa mrengu upande wa joshi, unakotoka upepo, na uzito wake ndio unaoishika ngalawa isilale. Waliosimama ufukweni humwangalia mtu yule kuliko wanavyoliangalia tanga, kwa sababu kutokana na mahali alipokanyaga wanajua kama nahodha anakusudia kugeuza au anajidanganya kwamba upepo utamhurumia. Macho yao yamefundishwa na miguu yao wenyewe, iliyowahi kukanyaga mti kama ule.

Bao linaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi, nalo linastahili nafasi kubwa kuliko inayohitajiwa na hoja, kwa uzuri wake tu. Lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, shimo lenye hadhi ya pekee, na 22 mkononi, anazoziingiza moja moja katika hatua iitwayo namua. Mkono ukiisha huanza mtaji, ambapo kilichopo ubaoni ndicho kinachobakia kufanyiwa hesabu. Mchezaji akila, huzungusha kete alizozikamata, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kitu, mwendo huendelea, hata mkono mmoja ukazunguka safu mbili za mchezaji mara kadhaa kabla ya kulala. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995, aliuchukua mchezo huu kama njia ya kupima mipaka ya akili ya binadamu. Julius Nyerere aliucheza kwa mapenzi makubwa. Na barazani, anayefungwa humpisha aliyekuwa akitazama, kwa hiyo kila mtazamaji ni mchezaji aliyeko foleni, na anatazama kwa hesabu ya mtu ambaye baada ya muda mfupi ataulizwa na ubao.

Hapa ndipo palipokuwa na kishawishi cha kuhitimisha kwamba mchezo ni mali ya watu pale tu ambapo mtazamaji wake anaweza kuwa mchezaji. Kipimo hicho kinavutia, lakini kinawakata wengi wasiostahili kukatwa. Klabu ya mpira ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mkazi wa kisiwa cha Chole anayevuka maji kwenda kuitazama mechi yao kwenye kibanda umiza, yaani banda la kulipia lenye televisheni na mabenchi yasiyotosha, hatawahi kuichezea hata moja ya klabu hizo. Lakini huzuni yake timu yake ikifungwa ni ya kweli, na anajua majina ya mabeki kuliko anavyojua ya madiwani. Mpira huo ni wake kwa namna ambayo kipimo cha baraza la bao hakiwezi kuieleza.

Kipimo hicho pia kinaigeukia ngalawa yenyewe. Msichana wa Jibondo anayekua akiitazama bahari, anayeweza kumtambua nahodha kwa jinsi anavyoshika upepo, hapewi nafasi juu ya mrengu. Kwake ngalawa imekuwa mchezo wa kutazamwa muda mrefu kabla ya kikao chochote kuuita hivyo, na waliomweka ufukweni ni hao hao wanaolalamika leo kwamba wamewekwa pembeni. Netiboli imempa kiwanja na jezi. Je, atetee mchezo wa babu yake uliomkataa, au ule wa mbali uliomkaribisha? Hoja zote zilizotangulia dhidi ya kipimo cha maandishi na shirikisho hazimsaidii kulijibu swali hilo, na si haki kumjibia.

Kilicho wazi ni kidogo kuliko ilivyotarajiwa: sababu zilizotolewa hazikuwa sababu. Orodha ya michezo ya vijana wa Mafia ifunguliwe tena, ngalawa na bao viingizwe humo kama michezo, na tangu mashindano ya kwanza wasichana wawemo miongoni mwa mabaharia na mbele ya ubao.