Mashahidi Wawili Ndani ya Diski

Je, rekodi ambayo haijipingi popote ni rekodi ya kweli? Wapo wanafalsafa walioshikilia kwamba ukweli ni kauli kupatana zenyewe kwa zenyewe, na wapo waliodai kwamba lazima zipatane na kitu kilicho nje yake. Nasimama na hawa wa pili, na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo wachache huutafuta: kwenye diski ya Linux iliyoharibika baada ya patisheni kubadilishwa ukubwa.

Bafwasende, mashariki mwa Kisangani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni nchi ya misitu. Tangu amri ya serikali ya 2014, jamii ya Kongo inaweza kuomba msitu wake wenyewe usiozidi hekta 50,000, na mipaka ya msitu huo lazima ionyeshwe kwenye ramani. Tuseme ramani za kijiji kimoja zimo katika kompyuta moja, na mtu, akitafuta nafasi, amepunguza patisheni bila kupunguza kwanza mfumo wa faili wa ext4 uliomo ndani yake. Kompyuta inakataa kuufungua. Jedwali la patisheni linasema patisheni inaishia hapa. Bloki kuu ya ext4, inayotunza ukubwa wa mfumo wa faili, inasema mfumo huo unaishia mbele zaidi. Programu ya ukaguzi ya e2fsck ikiitwa hutaja namba zote mbili, huonya kwamba huenda mojawapo imeharibika, kisha huuliza kama isitishe kazi. Swali hilo ni la haki kabisa. Programu inaona kwamba ushuhuda umegongana, lakini haina njia ya kujua nani mkweli. Mtu akiandika upya bloki kuu ili ikubaliane na mpaka mpya, kisha akaiita e2fsck tena na kujibu ndiyo kwa kila pendekezo, anaweza kupata mfumo wa faili usio na kasoro hata moja: hesabu za bloki zinalingana, na faili zilizopoteza saraka zao zimewekwa ndani ya lost+found, kila moja ikiitwa kwa namba tupu. Sasa kila kitu kinapatana. Lakini ramani iliyokuwa na jina la kijiji imekuwa namba, na nyingine huenda imefutwa kwa sababu bloki zake zilikuwa ng'ambo ya mpaka mpya. Ilhali mpaka wa zamani ungerudishwa kwenye jedwali kabla ya chochote kuandikwa, kwa kawaida yote yangeonekana tena, kwa kuwa yaliyomo hayakuwa yameguswa.

Utaniambia kwamba hata anayerudisha mpaka wa zamani ameutambua kwa upatanifu: ameona nakala ya bloki kuu, ambayo mara nyingi huwa kwenye bloki ya 32768, inasema sawa na ile ya mwanzo. Ni kweli, ila nakala hizo zimeandikwa na mkono mmoja, na peke yake hazinitoshi. Kinachonishawishi ni kuikuta picha nzima, yenye alama zake za mwanzo na mwisho, ng'ambo ya mpaka mpya. Hiyo haikuwekwa pale ili kuunga mkono upande wowote. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilijua hili. Matini isiyojipinga haikuwatosha. Waliuliza imepokewa kutoka kwa nani, na kama njia nyingine imeifikisha. Mashahidi huru wakipatana, wanathibitisha jambo. Ukipata upatanifu kwa kumnyamazisha mmoja wao, hujathibitisha lolote.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Kunakili diski nzima kabla ya kuigusa kunataka diski ya pili na umeme wa saa nyingi, na palipo na paneli moja ya jua hivyo viwili ni vigumu kupata. Silidharau hilo. Lakini kuendesha e2fsck kwa chaguo la -n, linalosoma bila kuandika chochote, hakudai diski ya pili, na kuzima kompyuta mpaka diski ya kuazima ifike kutoka Kisangani hakudai hata umeme. Anayesubiri hukosa ramani kwa wiki kadhaa. Aliyeharakisha huenda akapeleka ofisini faili isiyo na dosari, yenye mipaka ambayo hakuna mzee kijijini atakayeitambua.