Ukuta Kuzunguka Dari

JUMATANO

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa nini Mungu alijishughulisha hata na namna ya kujenga dari?

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare. Rahabu alitandaza mabua ya kitani juu ya dari yake (Yoshua 2:6), na karne nyingi baadaye Petro alipanda darini kuomba (Matendo 10:9). Mungu aliagiza mwenye nyumba aizungushie dari ukuta, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalia kwamba ukuta ulipaswa kujengwa kabla mtu hajaanguka, na kwamba wajibu huo ulikuwa wa mwenye nyumba, siyo wa mgeni.

Fikiria familia moja katika kijiji cha jirani na Ifakara. Ni wakati wa masika, maji yamejaa bonde la Kilombero, na watu wamo ndani tangu jioni. Babu amevuta sigara tangu ujana wake. Mvua ikinyesha huvutia chumbani, naye husema moshi unafukuza mbu. Mjukuu wa miezi mitano amelazwa ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Familia za bonde hili zinajua thamani ya chandarua. Miaka ya 1990, kupitia mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara walionesha kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa maisha ya watoto wadogo. Lakini moshi wa sigara hupita kwenye matundu ya chandarua, na mtoto anakohoa tena.

Sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani hutoka kwenye ncha ya sigara inayoungua, bila kupita kwenye kichungi. Moshi huo una maelfu ya kemikali, na makumi kati ya hizo husababisha saratani. Kwa watoto huongeza hatari ya nimonia, pumu na magonjwa ya masikio. Mwaka 1981 mtafiti Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 90,000 wasiovuta sigara. Wale ambao waume zao walivuta sana walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Tayari katika karne ya 19, Ellen White alikuwa ameonya kwamba mapafu ya mtoto mchanga huumia katika chumba chenye hewa iliyochafuliwa na mtumiaji wa tumbaku. Kufungua dirisha hakutoshi kuondoa hatari hiyo.

Soma Mwanzo 2:7 na 1 Wakorintho 10:24. Pumzi ya mwenzako ni ya nani?

Mungu alipulizia pumzi ya uhai puani mwa mwanadamu. Kwa hiyo hewa anayovuta mtoto ni jambo la ibada pia. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inazuia uvutaji wa sigara katika sehemu nyingi za umma, lakini chumbani kwa familia hii hakuna askari. Mke anaona haya kumwambia baba mkwe. Mume anaikumbuka amri ya tano (Kutoka 20:12). Akinyamaza, mtoto anaumia. Akimkaripia mzee mbele ya watu, anamvunjia heshima.

Basi anajenga kibanda chini ya mwembe, anakiezeka vizuri na kuweka benchi. Jioni, baada ya chakula, anaketi karibu na baba yake.

“Baba, mjukuu wako hapumui vizuri. Kliniki wametuambia moshi wa sigara unamdhuru. Nimekujengea mahali pale nje, mvua haitakufikia. Tunakuomba uvutie pale.”

Mzee ananyamaza kwa muda. “Kwa hiyo mnanifukuza?”

“Hapana, baba. Chai utaendelea kunywa hapa pamoja nasi. Tunachoomba kitoke ni sigara tu.”

Kibanda kile ni ukuta kuzunguka dari. Mzee bado hajaacha tumbaku, na familia haijaacha kumwombea wala kumsaidia aiache, kwa kuwa mwili wake pia ni hekalu (1 Wakorintho 6:19, 20). Paulo anafundisha kumrejesha aliyekosea kwa upole na kuchukuliana mizigo (Wagalatia 6:1, 2). Upole huo haukumwacha mtoto ndani ya moshi, wala haukumtoa babu katika familia.

Tafakari: Katika nyumba yako, au kwa jirani yako, ni nani anavuta hewa asiyoichagua? Ni ukuta gani unaoweza kuanza kuujenga juma hili, na utazungumzaje na anayevuta sigara ili abaki akijua kwamba anapendwa?