Huruma na Ujuzi

Watu wengi huafikiana kwamba asiyejua kuogelea halaumiwi kwa kutojitosa majini kumfuata mfa maji. Hukumu hii ina haki ndani yake, maana hapana wajibu juu ya jambo lisilowezekana. Hata hivyo haikufika mwisho wa shauri. Yafaa kuuliza swali la pili: je, kutoweza kwake kulitokana na kudra au na mapuuza? Kama alikuwa na nafasi ya kujifunza kwa miaka kumi naye asiitumie, basi udhuru wake wa leo ni mtoto wa uzembe wake wa jana. Nakusudia kuonyesha hapa kwamba wajibu wa kuokoa hauanzi siku ya ajali, bali huanza siku nyingi kabla yake, mahali pa mafunzo.

Huenda msomaji akastaajabu kuona swali hili likiulizwa kwa kuzitazama Newala na Masasi. Uwanda wa Makonde una udongo wa mchanga unaonywa mvua upesi, wala juu yake hapana mto. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mteremko mrefu kutafuta maji bondeni, wakapanda nayo kichwani, mpaka katika miaka ya 1950 yalipoanza kupandishwa kwa mitambo na mabomba. Na hapo pia dhiki haikwisha mara moja. Mahali kama hapo maji hutia hofu kwa uchache wake, si kwa wingi wake. Mtoto aweza kukua bila kuona maji yanayompita magoti. Lakini Newala imekaa ukingoni mwa genge, na chini yake ni bonde la Ruvuma. Masasi nayo, chini ya uwanda upande wa magharibi, ni njia ya kuuendea mto huo huo. Daraja la Umoja lilifunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, lakini daraja moja halitoshi mto mrefu, na mtumbwi haujastaafu. Tena watoto wa bara hawakai bara siku zote: huenda Mtwara, Dar es Salaam na Unguja, wakapanda vivuko na meli. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021.

Wala kukaa karibu na maji si kuyajua. Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, wasichana wengi waliiona bahari kila kukicha bila kujua kuogelea, hata Mradi wa Panje ulipoanza kuwafundisha katika miaka ya 2010. Kama ukaribu si elimu, umbali nao si udhuru.

Wanafalsafa wamelipenda sana jambo hili. Mengzi wa China, yapata miaka 2,300 iliyopita, alisema kwamba mtu yeyote amwonapo mtoto akikaribia kutumbukia kisimani hushtuka kwa huruma kabla ya kufikiri faida wala sifa. Mwaka 1972 Peter Singer wa Australia alitoa mfano wa mpita njia anayemkuta mtoto akizama katika kidimbwi, ambaye kumwokoa kutamgharimu matope katika nguo zake tu. Mifano yote miwili ni mizuri, lakini katika mmoja mtoto hajaanguka bado, na katika mwingine maji ni haba. Tutoe hukumu gani maji yawapo mengi? Mshtuko wa moyo huja wenyewe. Ujuzi hauji mpaka utafutwe.

Mwanafunzi wa kazi ya uokoaji katika bwawa la kuogelea hufundishwa mambo yanayofanana na ukosefu wa huruma. La kwanza ni kutojitupa majini kwa haraka. Hana budi kunyosha fimbo au upondo kwanza. Usipofika, arushe boya au kamba. Ikishindikana, aende kwa chombo. Kuingia majini mwenyewe ni hatua ya mwisho. Sababu yake ipo katika methali: mfa maji haachi kutapatapa. Humshika amwokoaye shingoni, na wote wawili wakazama. La pili ni kutongoja kelele. Mara nyingi anayezama hapigi ukelele, kwa kuwa kinywa chake kinatafuta pumzi. Aweza kupotea kimya kimya katikati ya waogaji. Kwa hiyo mlinzi huyapitia maji kwa macho bila kukoma. La tatu ni kumrudishia pumzi aliyetolewa majini hapumui, kisha kumkandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi mbili, kwani ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika kwa dakika chache. Tena, katika nchi nyingi, cheti cha kazi hii hudumu muda mfupi tu, kisha mwenyewe hujaribiwa upya.

Yuko atakayesema kwamba huruma inayopima hatua zake si huruma. Nadhani amekosea. Huruma isiyopima ikizaa maiti wawili mahali pa mmoja, imemfaa nani? Lakini tusiudharau ujasiri. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na Bukoba. Watu 19 walikufa, na 24 waliokoka. Wavuvi walifika mapema kwa mitumbwi na makafi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alipoteza fahamu katika jitihada ya kuokoa, akazindukana hospitalini. Baadaye serikali ilimwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili apate mafunzo. Kitendo hicho kilikiri mambo mawili: kwamba ujasiri ni mtaji adhimu, na kwamba mtaji usio na ujuzi humponza mwenyewe.

Je, kila mtu wa Newala au Masasi apaswa kuwa mlinzi mwenye cheti? La. Wajibu huenda kwa kadiri ya uwezo. Lakini dumu tupu lililofungwa kifuniko na kutiwa kamba huelea, na dumu halikosekani katika nyumba iliyozoea kuteka maji mbali. Kulirusha, kunyosha mti, na kumpulizia mtu pumzi ni mambo yawezayo kufundishwa shuleni pasipo bwawa lolote. Asiyeweza mengi na ajifunze haya. Na wenye mamlaka juu ya shule wajue kwamba ujinga wa mtoto huyu ni deni lao kabla haujawa lake.

Mlinzi hodari hupitisha miaka pasipo kuokoa mtu, kwa kuwa aliona hatari ikiwa ingali changa akaizuia. Hapati shukrani kwa msiba usiotokea. Hata hivyo wema wake umekwisha timia, maana alijifunza kwa ajili ya mtu asiyemjua bado.