Meno ya mama: ni ihsani au ubadhirifu?

Ndugu watatu wa tumbo moja walinisubiri nje ya msikiti Ijumaa moja baada ya swala. "Ustadhi, tuna mgogoro wa kifamilia, tunataka hukumu ya dini." Mama yao, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, anaishi Mofu, katika bonde la Kilombero, na kinywani hana jino hata moja. Kaka mkubwa, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, anataka mama apandikiziwe meno, yaani skrubu za titani ziingizwe ndani ya mfupa wa taya, kisha meno ya bandia yakamatane nazo. Mdogo wake anasema huo ni ubadhirifu. Kwa hoja yake, meno ya kawaida ya kuvaa na kuvua yanamtosha mzee, na fedha inayobaki iezekee madrasa. Dada yao alikuwa kimya. Swali walilonipa lilikuwa moja: chuma ndani ya mfupa ni halali au haramu?

Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, swahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Akavaa pua ya fedha, ikamtolea harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu. Dhahabu kwa mwanamume ni haramu, lakini hapa haja iliifungua. Tirmidhi anaeleza kuwa wanazuoni zaidi ya mmoja walifunga meno yao kwa dhahabu, na hadithi hii ni hoja kwao. Sasa ikiwa dhahabu iliruhusiwa, titani ina tatizo gani? Laana iliyokuja katika hadithi nyingine ni kwa wanaochonga mianya ya meno kwa ajili ya urembo. Kikongwe asiyeweza kutafuna haingii humo.

Wapo wanaohofia udhu. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, kwa hiyo kutoyavua meno hakuharibu kitu. Mahanafi wanaifanya faradhi katika josho, na Mahanbali katika yote mawili, basi anayewafuata ayavue yanayovulika. Kilichoshikamana na mfupa kinachukua nafasi ya jino lenyewe. Na mtu akifa hachokonolewi taya kutolewa skrubu, kwani kuuvunja mfupa wa maiti kumefananishwa na kuuvunja wa aliye hai.

Lakini turudi kwa Arfaja, maana kisa chake kina somo ambalo ndugu hawa wote wawili walilipita. Alianza na fedha. Hakuanza na dhahabu kwa sababu tu ipo. Hapo kaka mkubwa ajitazame. Na fedha iliposhindwa, hakuambiwa asubiri na harufu yake kwa kuwa anayo pua, inatosha. Hapo mdogo naye ajitazame. Kipimo cha haja kilikuwa hali ya mwenye pua.

Ndugu msomaji, fungua Surat Bani Israil. Aya ya 23 na 24 zinaamrisha wema kwa wazazi waliofikia uzee, hata neno dogo la kuwachukia lisitamkwe. Aya ya 26 na 27 zinakataza ubadhirifu. Ni amri mbili katika ukurasa mmoja, na kila ndugu alikuwa ameshika nusu yake kumpigia mwenzake.

Nikawauliza, mama mwenyewe anataka nini? Wanaume wakatazamana. Dada ndiye aliyejibu. Mama anafundisha watoto Qur'an barazani kwake, na sasa anaposoma thaa inatoka kama sini, na faa haimtoki sawasawa. Watoto wanamwigiza. Wengine wanatamka makosa kwa sababu ndivyo wanavyosikia kwa mwalimu. Nyama, alisema dada, mama wala hailalamikii. Ana wali na perege.

Nakiri kuwa niliona haya, maana na mimi nilikuwa nimeshaanza kupima gharama kabla ya kuuliza. Sisi wa mjini tunatuma fedha kijijini na uamuzi tunautuma pamoja nayo. Mwisho mama anaishi ndani ya rangi ya nyumba aliyoichagua mtoto.

Thaa, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya mbele ya juu. Faa nayo huyahitaji hayo hayo pamoja na mdomo wa chini. Meno ya bandia ya juu, yakitengenezwa vizuri, hujishika yenyewe kwa kuwa yanafunika kaakaa zima. Siku za mwanzo ulimi hubabaika, kisha huzoea. Taabu huwa kwa yale ya chini. Mfupa wa taya la chini hupungua haraka zaidi baada ya meno kutoka, ulimi unayasukuma, nayo yanacheza na kuchubua fizi. Kwa sababu hiyo wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walipendekeza vipandikizi viwili vya taya la chini viwe chaguo la kwanza kwa asiye na meno. Titani hushikana na mfupa hai. Msweden Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyeligundua hilo, na alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mwaka 1965.

Kwa hiyo kaka mkubwa hakuwa mjinga. Ila kutoka Mofu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na masika bonde lile unalijua. Vipandikizi ni upasuaji, kisha miezi ya kusubiri mfupa ushike, kisha kurudi kila vishikizo vinapolegea, kwa daktari mwenye vifaa vya aina ile ile. Kisukari kisichodhibitiwa huweza kuviangusha, na mama hajapimwa.

Rai yangu ni kuwa waanze na fedha kama Arfaja. Atengenezewe meno ya kawaida juu na chini na daktari wa meno mwenye sifa, si fundi wa kupita, na nauli za kwenda kuyarekebisha zihesabiwe ndani ya gharama tangu mwanzo. Yale ya chini yakimshinda baada ya kurekebishwa, vipandikizi viwili ni haki yake, na asiitwe mbadhirifu yeyote atakayevilipia.

Mdogo aliuliza kama fedha inayobaki iende sasa madrasa. Nikamwambia hapana. Mmeshaitia nia kwa kinywa cha mama, basi ikae kwa jina lake miezi sita, hadi aseme mwenyewe taya la chini limekuwaje. Kuhusu bati za madrasa, yeye ndiye mwalimu. Muulizeni na hilo.