Mshahara Bila Kazi: Je, Ni Haki?

Yako maswali ambayo sheria imekwisha kuyajibu na bado dhamiri haitulii. Moja ni hili: mtu ameajiriwa kwa mkataba halali, kisha mwili ukamshinda asiweze kuifanya kazi aliyoajiriwa, na tajiri wake akaendelea kumlipa. Je, fedha hizo ni zake? Wengi wetu tutajibu mara moja kwamba ni zake, maana mkataba ni mkataba. Lakini alikuwako mtu mmoja aliyejibu kwamba si zake, na alijibu hivyo katika miaka ambayo yeye mwenyewe alizihitaji kuliko alivyojua. Twapenda kuitazama habari yake kwa makini, ingawa haitatupunguzia ugumu wa swali.

Mtu huyo ni Bobby Orr, aliyezaliwa tarehe 20 Machi 1948 katika mji mdogo wa Parry Sound, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha baruti. Orr alifanya kazi ya kucheza mpira wa magongo juu ya barafu, mchezo ambao Wakanada huupenda kama sisi tupendavyo kandanda. Kwa wale ambao hawajauona, kila upande huwa na watu sita uwanjani pamoja na mlinda mlango. Huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, wakateleza kwa kasi kubwa, na kwa magongo yao hupigania kisahani kigumu cha mpira. Kugongana kwa kifua na bega si kosa, ni sehemu ya mchezo. Wawili kati ya hao sita ni mabeki, na Orr alikuwa beki.

Kabla yake, beki mwema alikuwa mtu wa kubaki nyuma. Alizuia, alisukuma, akawapa wenzake wa mbele kisahani waende nacho. Orr alikichukua kisahani mwenyewe karibu na lango lake, akapita nacho katikati ya wapinzani hadi lango la pili, kisha akawahi kurudi kulinda. Katika msimu wa 1969 hadi 1970 alipata pointi 120, akawa beki wa kwanza kuongoza ligi nzima ya NHL kwa pointi, jambo lililodhaniwa kuwa la washambuliaji peke yao. Alilirudia msimu wa 1974 hadi 1975, na mpaka leo hakuna beki mwingine aliyelifanya. Miaka minane mfululizo, 1968 hadi 1975, alipewa tuzo ya beki bora. Timu yake, Boston Bruins, ilichukua Kombe la Stanley mwaka 1970 na tena mwaka 1972. Bao la ushindi la tarehe 10 Mei 1970 alilifunga yeye, na alipokwisha kulifunga mpinzani alimkwaa, akaruka hewani amenyosha mikono kama ndege. Picha ya tukio hilo wapenzi wengi wa mchezo wanaijua, na sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa Boston tangu mwaka 2010.

Haya tumeyataja ili ieleweke kwamba hatuzungumzi juu ya mvivu. Goti lake la kushoto lilianza kuumia akiwa bado kijana, na uchezaji wake haukulihurumia. Alipasuliwa magoti zaidi ya mara kumi katika maisha yake ya uchezaji, na elimu ya upasuaji wa goti siku zile haikuwa kama ilivyo sasa. Msimu wa 1975 hadi 1976 aliweza kucheza mara 10 tu. Mkataba wake na Boston ukaisha, naye mwaka 1976 akaenda Chicago kwa mkataba wa miaka mitano.

Huko Chicago goti lilikataa kabisa. Msimu wa kwanza alicheza mara 20, wa pili hakucheza hata mara moja, na wa tatu alicheza mara 6. Mwezi Novemba 1978 akatangaza kwamba ameacha, naye ana umri wa miaka 30, umri ambao mabeki wengi ndio kwanza wanakomaa. Katika muda huo wote hundi za mshahara za Chicago zilikuja, naye hakuzipeleka benki. Maelezo yake yalikuwa mafupi: alilipwa ili acheze, na kama hachezi hawezi kupokea mshahara.

Basi tuulize, je, alifanya sawa?

Wa kwanza kupinga angekuwa mtu yeyote aliyewahi kuumia kazini. Goti la Orr halikuvunjika akicheza na watoto nyumbani, lilivunjika kazini, mbele ya maelfu ya watu waliolipa kiingilio ili wamwone. Chicago walijua hali yake kabla ya kutia sahihi, na walitia sahihi wakitumaini. Mwenye mali anapotumaini na tumaini lisitimie, hasara ni ya nani? Wafanyakazi wa nchi nyingi walihangaika miaka mingi hata ikakubaliwa kwamba mtu aliyeumia kazini asitupwe kama jembe lililovunjika mpini. Leo akitokea mtu mashuhuri akasema hataki mshahara wa ugonjwa, si atakuwa amewapa matajiri fimbo ya kuwachapia wengine? Twaweza kumsikia mwajiri mmoja akimwambia kijana aliyevunjika mguu, ambaye ana mke na watoto wawili, na jina lake halijulikani hata mtaa wa pili: "Mtazame Orr."

Pingamizi hili ni zito nasi hatutaki kulipita juu juu. Lakini tukilichunguza tunaona kwamba halimpati Orr mwenyewe, linampata yule anayemtumia Orr vibaya. Mtu hawezi kuacha kitu kisichokuwa chake. Ukiambiwa kwamba jirani ameacha shamba lake kwa hiari, habari hiyo yenyewe imekwisha kushuhudia kwamba shamba lilikuwa lake. Hivyo Orr alipoacha mshahara ule hakusema kwamba mgonjwa hana haki ya kulipwa. Fedha zilikuwa zake kwa mkataba, na ndiyo maana kuziacha kulikuwa na maana. Anayemshurutisha mwingine kufanya vivyo hivyo amegeuza zawadi kuwa kodi, na tusi lake liko juu ya wote wawili, aliyetoa kwa hiari na anayenyang'anywa.

Pingamizi la pili ni jembamba zaidi, na kwetu sisi ndilo gumu. Fedha ambazo Orr hakuzichukua zilibaki kwa nani? Zilibaki kwa klabu, na wenye klabu kubwa za michezo Marekani hawakuwa maskini. Kumwachia tajiri ni wema gani? Si angezipokea, kisha azipeleke hospitali au kwa wachezaji wa zamani waliokuwa na shida? Hesabu ya namna hii ina nguvu, na mtu aliyeishi kwa hesabu hiyo tusingemlaumu. Ila tunadhani kuna jambo haioni. Orr hakuwa akijiuliza fedha zifanye kazi gani. Alikuwa akijiuliza yeye ni nani. Tangu utoto kila kitu alichopata kilikuja kwa kuingia barafuni na kucheza. Kwake mshahara haukuwa mapatano baina yake na tajiri tu, ulikuwa pia neno baina yake na kazi yake. Siku kazi ilipokatika, kuendelea kupokea kungekuwa kama kujibu salamu ambayo haikutolewa. Unaweza kusema hiki ni kiburi, na huenda kipo kidogo. Kiburi cha fundi asiyetaka kulipwa kwa mlango ambao hakuutengeneza ni kiburi ambacho tungependa kukiona mara nyingi zaidi, hasa kwa wale wenye afya njema ambao hufika kazini saa mbili, wakatundika koti kitini na kutoweka hadi saa nane.

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayotusumbua.

Tangu mwaka 1966, Orr alipokuwa kijana wa miaka 18, mambo yake ya fedha yalikuwa mikononi mwa wakala, mwanasheria wa Toronto aitwaye Alan Eagleson. Orr alimwamini kama ndugu. Mwaka 1967 Eagleson akawa pia kiongozi wa chama cha wachezaji wa ligi, akaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Orr alipokuwa akihama Boston mwaka 1976, wenye timu hiyo walikuwa tayari kumpa zaidi ya asilimia 18 ya umilikaji wa klabu ili abaki. Orr amesema kwamba jambo hilo wakala wake hakumweleza. Alikwenda Chicago akiamini kwamba Boston hawamtaki tena. Mwaka 1980 aliachana na Eagleson, na mahesabu yalipofunguliwa alijiona yu karibu kufilisika, madeni na kodi zikiwa zimemeza karibu yote aliyokuwa nayo.

Mwaka 1998 Eagleson alikiri makosa ya udanganyifu mahakamani Boston na Toronto, akahukumiwa kifungo cha miezi 18, akatumikia kama miezi sita. Walioumizwa ni wachezaji aliokuwa akiwatumikia, na katika mashtaka yaliyomwandama mlikuwamo habari ya fedha za bima za wachezaji waliokuwa wameumia. Hebu tuwaweke watu hawa wawili upande kwa upande. Mmoja ameumia, ana haki ya kulipwa, naye anakataa. Mwingine ni mzima, hana haki, naye anajichotea katika fungu la walioumia. Nao kwa miaka kumi na minne walikaa meza moja, na wa kwanza akamkabidhi wa pili funguo.

Hapa tunajiuliza kama usafi wa Orr juu ya fedha haukuwa na uzembe ndani yake. Asiyejali fedha ni rahisi asizihesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hatusemi kwamba mwenye kuibiwa ndiye mwenye kosa, maana kosa la wizi ni la mwizi. Lakini mtu anayemwachia mwenzake fedha mwaka hata mwaka bila kuuliza, akidhani kuuliza ni kumvunjia heshima, anamweka mwenzake mahali pabaya. Kuomba hesabu si dharau. Mtunza fedha mwaminifu huifurahia siku ya kukaguliwa, kwa kuwa siku hiyo ndiyo inayomtofautisha na asiye mwaminifu. Orr aliijua haki ya kazi yake vizuri kuliko wengi wetu, lakini ilimchukua miaka mingi kujua kwamba kulinda haki ile ni kazi pia.

Na hata lile la hundi tusilifanye hadithi ya mtakatifu. Baada ya kuacha kucheza, palitokea mabishano kati yake na klabu ya Chicago juu ya kilichobaki katika mkataba, yakaisha kwa mapatano. Wako watakaosema kwamba hapo alijipinga mwenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayeacha posho ya leo akidhani ana akiba ya kesho, kisha akagundua kwamba akiba haipo na ana mke na watoto wa kulisha, haudanganyi ulimwengu akienda kudai kilichoandikwa. Aliitoa zawadi alipodhani anayo nafasi ya kutoa. Haki ilikuwa yake siku zote, kama tulivyosema.

Katika miaka ya 1990 Orr mwenyewe akawa wakala wa wachezaji vijana. Jambo hilo lingeweza kutokea kwa sababu nyingi, na hatutaki kumsemea moyo wake. Mwaka ule wa 1998 wachezaji kadhaa wa zamani, Orr akiwa mmoja wao, walisema kwamba kama Eagleson ataachwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo, majina yao yaondolewe. Orr aliingizwa katika jumba hilo mwaka 1979 akiwa na miaka 31, baada ya muda wa kungojea kufutwa kwa ajili yake, na heshima hiyo alikuwa tayari kuirudisha. Eagleson akajiuzulu kabla haijafika huko.

Katika daftari la ligi kumeandikwa kwamba Orr alicheza michezo 657, mingine yote ikiwa ya Boston isipokuwa 26. Katika ile 26 ya Chicago, akiwa na goti ambalo madaktari walikuwa wamekwisha kulikatia tamaa, alipata pointi 27.