Je, Taabu ya Safari Ni Ibada?

Kila mwaka, ikaribiapo tarehe 3 Juni, njia kuu ziingiazo Kampala hujaa mahujaji waendao Namugongo kwa miguu, na miongoni mwao wamo wazee wenye mvi ambao jamaa zao wangependelea kuwaona wameketi barazani. Swali liwahusulo hao lamhusu pia mzee apandaye baiskeli na kusafiri masafa marefu ili kuzuru makaburi na mahali pa kale: je, taabu anayojitwika ni ibada, au ni kuutesa bure mwili ambao Mwenyezi Mungu amekwisha kuupunguzia nguvu?

Wako wasemao kwamba thawabu hulingana na taabu. Rai hiyo siikubali. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona mzee akienda huku ameegemea wanawe wawili, akaambiwa kuwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Naye akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyo kujiadhibu, kisha akamwamuru apande kipando. Hakumwamuru arudi nyumbani. Nia ya safari iliachwa kama ilivyo. Kilichoondolewa ni adhabu iliyoongezwa juu yake.

Baiskeli nayo ni kipando cha namna ya pekee, kwani humchukua mtu bila ya kumwondolea wajibu wa kujichukua mwenyewe. Mwaka 2017 Mfaransa Robert Marchand, akiwa na umri wa miaka 105, alizunguka uwanja wa mashindano kwa saa moja akatimiza kilomita 22.547, na sifa aliyopewa ilikuwa haki yake. Lakini uwanja hupima masafa tu, ilhali nchi yenye tarehe humuuliza msafiri mambo mengine.

Atokaye Kampala kwa njia ya Hoima hupita Kasubi, ambako Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1882, akazikwa humo mwaka 1884. Jumba hilo la nyasi liliteketea tarehe 16 Machi 2010, kisha likajengwa upya. Akiendelea mbele hufika Wamala, kwenye kaburi la Suuna wa Pili, babaye Muteesa, ambaye yasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alisimama mbele yake akamkanya asiue watu ovyo, kwa kuwa ni viumbe wa Mungu. Muteesa alikuja kufunga Ramadhani, na baadaye akawaua Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na watu wake. Na Mwanga, mwanawe, akawachoma moto Wakristo pale Namugongo mwaka 1886. Huko mashariki ya mji Waislamu na Wakristo, kila kundi, huwakumbuka mashahidi wao.

Mpita kwa gari huyaona hayo kuwa majina matatu. Bali mzee aendaye polepole, akishuka penye mwinuko na kuisukuma baiskeli yake pasipo kuona haya, hupata wasaa wa kutambua kwamba ni nyumba moja, baba, mwana na mjukuu, na kwamba onyo alilosikia babu halikumwokoa mjukuu. Kijana huweza kuyasoma hayo vitabuni, lakini aliyekwisha kuwa mwana, kisha baba, na pengine babu, ajua ndani ya nafsi yake jinsi nasaha ipoteavyo kati ya kizazi na kizazi, na hawezi kuyazuru makaburi hayo pasipo kujiuliza yeye mwenyewe amerithisha nini.

Mwili ni amana, na amana huhiniwa kwa kufungiwa kama ihiniwavyo kwa kuharibiwa. Kwa hiyo watoto wasimzuie mzee, bali wamkagulie breki na kumpa mwenzi wa safari. Naye mzee asiendeshe usiku penye malori, wala asione fedheha kupumzika. Taabu peke yake si ibada. Arudipo akawa mpole zaidi kwa jamaa zake na mwepesi zaidi wa kusikia onyo, safari yake imekuwa ibada. Akirudi na fahari ya masafa tu, amepata mazoezi, nayo mazoezi ni mema, lakini ujira wake huishia hapa duniani.